Kamari, Mtoto na Mkono wa Sheria

Lugha huhifadhi mambo ambayo wenye lugha wamekwisha kuyasahau. Mtu akipita barazani, penye watu wanaocheza karata, atasikia shupaza, kopa, uru na pau zikitajwa, na turufu ikitupwa chini kwa kishindo; wala hapana hata mmoja katika wachezaji hao ambaye atakumbuka kwamba maneno yote hayo ni ya Kireno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaondolewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na katika miaka hiyo 200 hawakutuachia mengi ya kushukuriwa. Walituachia meza, leso na gereza. Walituachia pia karata na dado, pamoja na majina yake.

Lakini neno lenyewe la kamari silo la Kireno. Limetoka katika Kiarabu, nalo lilifika pwani kabla ya Mreno, likiwa limefungamana na hukumu yake. Hivyo Mswahili alipata chombo cha kuchezea kutoka kwa mgeni mmoja, akiwa amekwisha kupata katazo lake kutoka kwa mgeni mwingine. Pengine ndiyo sababu jambo hili halikupata kutulia katika utamaduni wetu: karata zimekaa barazani mchana kweupe, na kamari imesemwa kwa sauti ya chini.

Makala haya hayakusudii kueleza historia yote ya kamari. Yanafuata uzi mmoja tu, nao ni habari ya mtoto. Pindi mtoto anapokutwa kwenye meza ya kamari, sheria humwadhibu nani? Yeye mwenyewe, mzazi wake, au mwenye meza? Swali hili laonekana kuwa jepesi, lakini sheria zilizotufikia zimelijibu kwa namna zinazopingana, na baadhi ya majibu hayo yangali yanatutawala.

Tuanze na sheria iliyotangulia kufika. Katika Kurani, Sura ya Maida, aya ya 90, kamari imekatazwa pamoja na ulevi. Hata hivyo wanazuoni hawakuiwekea kamari adhabu ya kipimo maalumu, kama walivyofanya katika wizi au uzinzi. Adhabu yake ni ya namna iitwayo taazir, maana yake imeachwa katika busara ya kadhi, atazame mtu na hali yake, amwonye, amfunge au amtie aibu. Na kwa habari ya mtoto, msimamo wao ni dhahiri: asiyebaleghe hajabeba mzigo wa sheria. Haandikiwi dhambi, wala hasimamishwi mbele ya kadhi kama mkosaji. Aliye juu yake, yaani walii, ndiye apasikaye kumfunza na kumzuia. Mali iliyopatikana kwa kamari si halali kwa aliyeipata, na yapasa imrudie mwenyewe. Kwa hiyo mtu mzima aliyemla mtoto fedha zake hakuwa na haki nazo hata kidogo. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili la kurudisha mali, maana katika sheria zilizofuata lilipotea kwa muda mrefu.

Zaidi ya sheria hiyo palikuwa na mila. Bao, ambalo ni mchezo mkuu wa fikira katika pwani yetu, si mchezo wa bahati. Kete zote zaonekana, hesabu zote ziko wazi, na anayeshinda hupata jina. Watoto nao walikuwa na michezo yao ya kushindania vitu: korosho wakati wa msimu wake, na baadaye gololi na vifuniko vya chupa. Katika michezo hiyo mtoto “hula” au “huliwa”, na neno hilo la kula ndilo lile lile linalotumiwa na wacheza kamari wakubwa. Kwa nini basi wazazi waliokemea karata za fedha waliiachilia michezo hii? Nadhani sababu si kwamba hawakuuona mfano wake. Mtoto aliyeliwa gololi zote alirudi nyumbani akilia, na kesho yake alirudi uwanjani. Hasara yake haikupita kina cha mfuko wake. Na lililo kubwa zaidi, pale uwanjani hapakuwa na mtu wa tatu. Walikuwapo mshindi na mshindwa, basi. Hapakuwa na mtu aliyekaa pembeni akichukua fungu katika kila mchezo, apate faida awe nani aliyeshinda. Mtu huyu wa tatu ndiye tutakayemfuata katika kurasa zilizosalia.

Sasa tuvuke bahari. Sheria nyingi zilizokuja kutumika katika Afrika ya Mashariki zilitungwa Uingereza, na huko sheria ya kamari ya zamani haikuwa na huruma kwa vijana. Mwaka 1541, katika enzi ya Mfalme Henry VIII, Bunge lilitunga sheria ya michezo isiyo halali. Waliolalamika hata sheria hiyo ikatungwa walikuwa ni mafundi wa pinde na mishale, ambao waliona biashara yao inakufa kwa kuwa vijana wameacha kulenga shabaha na kukimbilia dado, karata na tufe. Basi sheria ikaamuru kila mwenye mtoto wa kiume wa umri wa miaka 7 hadi 17 amwekee nyumbani upinde na mishale miwili. Asipofanya hivyo kwa mwezi mmoja, alipe shilingi 6 na peni 8. Ikaamuru tena kwamba mafundi, vibarua, watumishi, wavuvi, na vijana wanaojifunza kazi kwa mabwana zao, wasicheze michezo hiyo ila wakati wa Krismasi tu, na hata wakati huo iwe ndani ya nyumba ya bwana au mbele ya macho yake. Aliyevunja amri alitozwa shilingi 20. Mwenye nyumba ya kamari alitozwa shilingi 40 kwa kila siku.

Tazama jinsi sheria hii ilivyopima. Kijana anayejifunza useremala hakuadhibiwa kwa kuwa ni mdogo na anahitaji kulindwa. Aliadhibiwa kwa kuwa muda wake ulikuwa mali ya bwana, na mkono wake ulikuwa mali ya mfalme kwa ajili ya vita. Na ili pasiwe na shaka juu ya jambo hilo, sheria hiyo hiyo ilimruhusu kabaila, na mtu mwenye ardhi ya kumpatia pauni 100 kwa mwaka, kuwapa watumishi wake ruhusa ya kucheza karata na dado nyumbani kwake na bustanini mwake. Kosa, basi, halikuwa katika mchezo. Lilikuwa katika kucheza bila idhini ya mkubwa.

Wazo hilo lilikaa miaka 300. Lilianza kulegea katika karne ya 19, nalo lililegea kwanza kwa sababu ya matajiri, si kwa sababu ya watoto. Wana wa makabaila walikuwa wakipoteza mashamba ya baba zao katika vilabu vya London, na madeni yao yakifikishwa mahakamani. Sheria ya mwaka 1845 ikafuta baadhi ya vifungu vya Henry VIII, ikatamka kwamba mapatano ya kamari ni batili, na mahakama haitamsaidia mtu kudai alichoshinda. Mwaka 1853 ikafuata sheria ya kufunga nyumba za kupokea madau, kwa hoja kwamba makarani, watumishi na vijana wa kazi walikuwa wakiiba fedha za mabwana zao ili kubahatisha farasi. Viwanja vya mbio za farasi, ambako wakubwa walichezea madau yao, havikuguswa.

Badiliko lenyewe lilikuja mwaka 1892, katika sheria fupi ambayo haikumbukwi na wengi. Ilihusu kamari na mikopo kwa watu wasiofikia umri, na umri wenyewe wakati huo ulikuwa miaka 21. Mtu yeyote ambaye, kwa kutafuta faida, alimpelekea kijana wa chini ya umri huo barua au tangazo la kumwalika kuweka dau au kukopa fedha, alitenda jinai. Akihukumiwa katika mahakama ya juu aliweza kufungwa miezi 3, au kutozwa pauni 100, au yote mawili. Sheria haikumtaja kijana kuwa mkosaji hata mara moja. Tena iliweka hila nzuri ya ushahidi: ikiwa barua ilipelekwa kwa kijana aliye katika shule au chuo, basi mpelekaji alihesabiwa kuwa alijua umri wake, mpaka athibitishe kuwa alikuwa na sababu ya kudhani vingine. Kwa maneno mengine, mzigo wa kujua ulihamishwa kutoka kwa mtoto ukawekwa mabegani mwa mwenye faida. Huyu hapa mtu wa tatu, ameonekana na sheria kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1906 sheria ya madau ya barabarani ilizidi kumkaza. Mpokea madau aliyekamatwa akizunguka mitaani alitozwa pauni 10 kwa kosa la kwanza na pauni 20 kwa kosa la pili. Lakini ilipothibitika kwamba alipokea dau la mtoto wa chini ya miaka 16, hata kama lilikuwa kosa lake la kwanza, alihesabiwa kama mkosaji sugu wa mara ya tatu, naye aliweza kufungwa hadi miezi 6. Yaani dau moja la mtoto lilikuwa na uzito wa makosa matatu ya kawaida. Ni kweli kwamba sheria hii pia iliviacha viwanja vya farasi salama, na wafanyakazi wa Uingereza waliiona, kwa haki, kuwa ni sheria ya kumbana maskini. Lakini kwa habari ya mtoto ilikwenda mbele.

Je, ni ipi katika sheria hizi iliyotufikia sisi? Hapa historia ina kejeli yake. Kwa upande wa mikataba, serikali ya kikoloni ilitutawala kwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika na Kenya hata karibu na miaka ya Uhuru; na Tanganyika ilipotunga yake mwaka 1961, ilifuata mfano huo huo. Katika sheria hiyo mapatano ya kamari ni batili, na mapatano ya asiyefikia umri hayana nguvu. Dau la mtoto, basi, lilikuwa batili mara mbili. Kwa Tanganyika, aidha, sheria za Uingereza zilizohusu watu wote kufikia tarehe 22 Julai 1920 zilipokewa, kadiri hali ya nchi na ya wenyeji ilivyoruhusu.

Hayo yalikuwa ya vitabuni. Barabarani mambo yalikuwa mengine. Kanuni za Adhabu ambazo Waingereza walizileta Kenya na Tanganyika mwaka 1930 zilikuwa na kifungu juu ya watu wavivu na wakorofi, na katika orodha hiyo, pamoja na malaya na waombaji, aliwekwa kila mtu achezaye mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa hadhara. Kifungu hicho hakikuuliza ni nani aliyeleta karata, wala nani aliyechukua fungu. Kilimtazama mchezaji. Nacho kilimtazama yule tu asiyekuwa na ukumbi wa kuchezea: mzungu aliyecheza karata kwa fedha ndani ya klabu yake hakuwa mahali pa hadhara, bali mchukuzi na kijana aliyetoka bara kutafuta kazi Dar es Salaam walikuwa hadharani kutwa, kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Ndivyo roho ya mwaka 1541 ilivyokuja kwetu. Vijana walioitwa wahuni walikamatwa mjini na kurudishwa makwao, na kamari ya pembeni mwa soko ilikuwa moja ya alama za kuwatambulia. Sheria haikuwaona kuwa ni watoto wanaopaswa kulindwa na mwenye meza. Iliwaona kuwa ni mikono iliyokosekana mashambani.

Baada ya Uhuru nchi zetu zilishika njia nyingine, ingawa si kwa ukamilifu. Kenya ilitunga sheria ya madau, bahati nasibu na kamari mwaka 1966, ikaunda bodi ya kutoa leseni. Sheria hiyo ilidumu mpaka ilipochukuliwa nafasi yake na ile ya mwaka 2025. Tanzania ilitunga sheria ya bahati nasibu mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na mwaka 1974 ikatunga sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Wako waliojiuliza, na wana haki ya kujiuliza, jinsi taifa lililotangaza kuwa kazi ndiyo msingi wa maendeleo lilivyoweza kuuza tikiti za bahati. Jibu lililotolewa katika nchi nyingi zenye bahati nasibu za dola ni kwamba fedha zake hurudi kwa wananchi. Nakubali kwamba kuna tofauti kati ya fungu linaloingia hazina na fungu linaloingia mfukoni mwa mtu mmoja. Lakini kwa upande wa mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na tikiti, tofauti hiyo ni nyembamba. Tangu hapo mtu wa tatu wa mchezo aliweza kuwa dola yenyewe, na yapasa tuseme hivyo bila kuficha, maana atungaye adhabu na apokeaye kodi wamekuwa nyumba moja.

Mwaka 2003 Tanzania iliziondoa sheria hizo mbili na kuweka Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya wizara ya fedha. Kasino, mashine na kubashiri matokeo ya michezo vikapata leseni, na mtu wa chini ya miaka 18 akazuiwa. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Na mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ikatamka kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu nayo yasema kuwa aliye chini ya miaka 10 hana jinai yoyote, na aliye chini ya miaka 12 hana jinai ila ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua ubaya wa tendo lake. Kwa hiyo anabaki kundi moja lenye utata, nao ni vijana wa miaka 12 hadi 17, ambao kwa sheria moja ni watoto wa kulindwa, na kwa kile kifungu cha kale cha watu wavivu na wakorofi waweza kushitakiwa kwa kurusha sarafu kichochoroni.

Uingereza yenyewe haikuutatua utata huo vizuri. Sheria yake ya kamari ya mwaka 2005 inamwadhibu mtu mzima anayemwalika mtoto kucheza, kwa faini au kifungo. Mtoto wa chini ya miaka 16 hana kosa. Lakini kijana wa miaka 16 au 17 akicheza ametenda kosa, na aweza kutozwa faini. Wakati huo huo mashine ndogo ndogo za michezo katika miji ya pwani ya Uingereza ziliachwa wazi kwa watoto wa umri wowote, na tikiti za bahati nasibu ya taifa ziliendelea kuuzwa kwa kijana wa miaka 16 mpaka mwaka 2021, umri ulipopandishwa kuwa 18. Uganda ilichukua hatua ya namna ya pekee: sheria yake ya mwaka 2016 iliweka mpaka katika miaka 25. Mwananchi wa Uganda wa miaka 24 aweza kupiga kura, kuoa na kulea watoto, lakini hawezi kuweka dau kihalali. Wako wanaocheka. Mimi siwezi kucheka sana, kwa kuwa waliotunga sheria ile walimtazama kijana asiye na kazi jinsi alivyo, wakaacha kumtazama kama alivyochorwa vitabuni.

Huku kwetu meza imekwisha kuhama. Katika mitaa na vijiji vya Tanzania zimewekwa mashine za sarafu, ambazo vijana huziita dubwi, nazo hula sarafu ya shilingi 200, ambayo ndiyo sarafu apewayo mtoto kununua andazi la asubuhi. Mashine husimama kando ya duka ambalo mtoto hutumwa kila siku. Kwa upande mwingine kuna simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, ulikusudiwa kuonyesha nani ni nani. Lakini laini ni ya baba, na kidole kilichosajiliwa ni cha baba, na mkeka umetungwa na mwana wa miaka 14 usiku baba akiwa amelala. Katika daftari za mwenye kampuni aliyecheza ni mtu mzima. Kile kifungu cha mwaka 1892, kilichomhesabu mwenye faida kuwa alijua, kingefaa kusomwa upya mbele ya simu hii, kwani mwenye mitambo aweza kuona saa za kuchezwa, kiasi cha madau na mwendo wa fedha, kuliko mzazi yeyote.

Na inapotokea kesi, mwenye mashine huwa mbali. Anayeonekana ni mwuza duka, na shahidi wa kwanza ni mtoto mwenyewe. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, mtoto aonekanaye kuwa hajazidi umri wa miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila kuapa, mradi aahidi kwanza kuiambia mahakama kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo huitoa akiwa amesimama, mbele ya hakimu asiyemjua na ya mwuza duka anayemwita mjomba, ambaye jioni atatumwa kwake tena kununua mafuta ya taa.